Barua ya malalamiko: sauti kuachana na picha, na jibu nililopewa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: SAUTI KUACHANA NA PICHA KWENYE TOLEO JIPYA LA PROGRAMU YENU YA KUHARIRI VIDEO, PAMOJA NA LUGHA YA MHUDUMU WENU

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najitahidi kuandika kwa adabu. Masharti yenu ya huduma mnayajua ninyi mlioyaandika, na kifungu cha kurejesha fedha pia mnakijua, kwa hiyo sitapoteza muda kuvinukuu. Nakwenda kwenye jambo lenyewe: mhudumu wenu ameniuliza, mbele ya mteja wangu, kama nimewahi kupima masikio.

Tulikuwa kwenye simu ya video, nimemfungulia kioo changu aone kila ninachokiona. Nikamwonyesha mwisho wa mahojiano ya mama wa mteja huyo, pale bibi anapomaliza kusema na mpiga picha anapiga kofi moja mbele ya kamera, kama tunavyofanya sote ili sauti na picha zipate pa kukutania. Viganja vikagongana, kimya. Vikaachana. Mkono ukashuka. Ndipo kofi likasikika. Mhudumu akatulia kidogo, akasema: "Dada, mimi naona iko sawa tu. Umewahi kupima masikio?"

Sasa nieleze ambacho angekiona kama angetaka kuona. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, simu hujishusha yenyewe kutoka fremu 30 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video) hadi 24 hivi, ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha. Ndani ya faili kila fremu ina alama yake ya muda, na kazi ya programu ni kuzifuata alama hizo. Toleo lenu la zamani lilizifuata. Hili jipya linapanga fremu zote kana kwamba zote ni za 30. Bibi alikaa karibu na dirisha, na kila wingu lilipopita simu ilishuka kisha ikapanda tena. Sekunde 5 za mwanga hafifu zina fremu 120. Programu yenu inazimaliza kwa sekunde 4, na hapo sekunde nzima imeshaliwa. Picha inatangulia, sauti inabaki nyuma. Dakika za mwanzo mdomo na maneno vinakwenda pamoja. Kufika mwisho, bibi amekwisha kufunga mdomo na anajifuta machozi, huku sauti yake ndiyo kwanza inamtaja marehemu mumewe.

Na hapo sijagusa tiketi ya kwanza, yaani ombi langu la msaada kwa maandishi, ambayo ilitangulia simu hiyo. Humo niliambiwa nivue hedifoni za Bluetooth. Natumia za waya, na nilishaandika hivyo kwenye mstari wa kwanza. Lakini hata zingekuwa za Bluetooth, Ndugu Meneja, ucheleweshaji wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Huu wangu unakua. Mtu wa kitengo cha ufundi asiyejua tofauti ya hayo mawili anafanya nini hapo? Nikaambiwa nipunguze ubora wa onyesho hadi robo. Nikapunguza. Nifute keshe, yale mafaili ya muda ya programu, nikafuta. Nisasishe kiendeshi, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiki, nikasasisha. Nitengeneze faili za proksi, yaani nakala nyepesi za kuhaririwa. Nikatengeneza kwa programu yenu hiyohiyo, nazo zikatoka na kasoro ileile. Hayo yote ni dawa ya kompyuta iliyozidiwa, inayoangusha fremu wakati wa kuonyesha. Video yangu ina kasoro hata baada ya kutolewa kuwa faili kamili na kuchezwa kwenye kifaa kingine. Kompyuta iliyochoka haiharibu faili lililokamilika.

Kisha likaja lile la kuweka taimulaini, ule mstari wa kupangia vipande vya video, kwenye fremu 29.97. Namba hiyo ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, na tofauti yake na 30 ni moja kwa elfu: sekunde 3.6 kwa saa nzima, zinazoongezeka polepole na kwa usawa. Yangu inaruka kila mwanga unapofifia, kisha inatulia. Nilituma picha za kioo zenye dakika na sekunde. Sidhani kama kuna aliyezifungua.

Na ushahidi wa mwisho mlikuwa nao kabla ya simu hiyo ya aibu. Nililichukua faili lilelile, nikalipitisha kwenye FFmpeg, programu ya kubadilisha mafaili ya video, ambayo ni ya bure, likawa na mwendo thabiti wa fremu 30, nikalirudisha kwenye programu yenu. Kofi likatua pale pale viganja vinapokutana. Mwenzangu naye ameufungua mradi huo kwa toleo la zamani, na faili la awali halina shida yoyote. Kwa hiyo mimi nilipie programu, halafu kazi yake ifanywe na ya bure? Tena kwa kila faili, nikijaza diski na nakala za pili?

Narudia habari ya ile simu, kwa sababu nataka uione kama nilivyoiona. Mteja wangu, mtoto wa bibi huyo, alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Alikuja kuchukua kazi iliyokamilika, nami nikamwomba avumilie wataalamu wamalize. Nikarudisha nyuma, nikaicheza tena fremu kwa fremu. Viganja vimegusana: kwenye mchoro wa sauti hakuna kitu, mstari umelala. Nikasogea mbele, mkono umeshafika chini, ndipo mstari unapanda. Hilo halihitaji masikio. Hata kiziwi angeliona kwa macho. Mhudumu akacheka, akasema mtazamaji wa kawaida hawezi kutambua. Nikamjibu kwamba pendekezo BT.1359 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1998, linasema watu huanza kutambua sauti ikichelewa milisekunde 125 tu, yaani pungufu ya fremu nne. Hapo akaniambia tena nikapime masikio, na kwamba kazi hii inataka uzoefu. Kabla sijafungua mdomo, tiketi ikageuka "Imetatuliwa", na dirisha la kuniomba nyota tano likafunika uso wa mama wa mteja wangu. Yule kijana akaniangalia, akauliza kwa upole: "Kwani dada, tatizo ni programu au ni wewe?" Akaondoka na diski yake.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: toleo lirekebishwe lisome alama za muda, na mhudumu aniombe radhi kwa maandishi. Bado nayataka. Lakini kuomba radhi hakumrudishi mteja. Nataka pia nirejeshewe malipo yote tangu toleo hili lilipotoka, na niruhusiwe kurudi toleo la zamani, ambalo mmeliondoa kwenye ukurasa wa kupakulia bila hata taarifa. Nataka tiketi ile ifunguliwe tena, na neno "Imetatuliwa" lifutwe, kwa sababu ni uongo uliowekwa chini ya jina langu. Na msiniletee punguzo la mwezi ujao, sitalipokea.

Nawapa siku 14. Hapana, nimeisoma tena aya ya ile simu: siku 7. Zikipita kimya, nitazuia malipo benki, nitapeleka malalamiko haya kwa mamlaka ya kulinda watumiaji, na nitaiweka hadharani video ya lile kofi, toleo la zamani upande huu na jipya upande ule, pamoja na sauti ya mhudumu wenu, kwa kuwa mwanzoni mwa simu mlinitangazia kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Hata mimi nilirekodi.

Nimeambatisha faili la awali, lile lililopita kwenye FFmpeg, mradi wenyewe na nakala ya tiketi. Safari hii naomba vifunguliwe na mtu anayejua anachotazama.

Ni mimi mteja wenu, kwa sasa.