Kabla ya kununua programu ya barua pepe, tujue anwani ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu wafanyabiashara wenzangu wa hapa Tanga ambao, kama mimi, walianza na meza moja na simu moja, na leo wana wafanyakazi kumi au ishirini wanaohitaji kuandikiana, kushirikiana mafaili na kuwajibu wateja kwa jina la kampuni moja. Mara kwa mara hukutana na mwenzangu anayetaka kujua achukue huduma ipi ya barua pepe na mafaili ya ofisi kati ya Google Workspace, Microsoft 365 na Zoho. Swali hilo ni la haki, lakini huwa limetangulia zamu yake. La kwanza kuulizwa ni hili: anwani ambayo wateja wako wanaiandikia ni mali ya nani, na ufunguo wake ameushika nani?

Mimi ni wakala wa forodha. Tangu bandari yetu ipate gati mbili zenye urefu wa jumla ya mita 450 na lango la kuingilia meli lichimbwe hadi kina cha mita 13, meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na nchi kavu, mizigo ikaletwa kwa matishari, sasa zinafunga gatini, na kazi imeongezeka hata kwa ofisi ndogo kama yangu. Tulikuwa watu watatu, tukawa kumi na tisa. Karatasi zetu zote, yaani bili za shehena, ankara, orodha za mizigo na vyeti vya asili ya bidhaa, hupita kwenye barua pepe, na kwa miaka minane zilipita kwenye anwani za bure ambazo kila kijana alijifungulia mwenyewe, jina lake likifuatwa na mwaka wake wa kuzaliwa.

Kijana mmoja, hodari na mwaminifu, alipata kazi Dar es Salaam akatuaga vizuri. Hakuchukua kitu cha mtu. Lakini wateja waliendelea kumwandikia yeye, kwa kuwa anwani waliyoijua ilikuwa yake, na mawasiliano ya miaka mitano na mteja wetu mkubwa kuliko wote, pamoja na makubaliano ya bei ambayo hatukuyachapisha popote, yalibaki ndani ya kisanduku ambacho sikuwa na haki yoyote ya kukifungua. Kila nilipohitaji ankara ya zamani nilimpigia simu, naye akanitumia kwa hisani yake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu mimi lilikuwapo, ila lilikuwa nyumbani kwa mtu mwingine.

Lililofuata liliuma zaidi. Mama mmoja anayesafirisha iliki na mdalasini kutoka upande wa Amani alipokea barua iliyoandikwa kama tunavyoandika sisi, yenye salamu zetu na namba sahihi ya mzigo wake, ikimwelekeza alipe gharama kwenye akaunti mpya ya benki. Anwani iliyotumika ilitofautiana na yetu kwa herufi moja. Nilipompigia kumkumbusha malipo alinijibu, “Baba, hela nimetuma tangu juzi, na akaunti mmenipa wenyewe.” Fedha hizo hazikurudi mpaka leo. Sikuweza kumlaumu hata kidogo, kwa sababu anwani yetu halisi haikuwa na dalili yoyote ya kumwonyesha kwamba ni ya kampuni. Ilifanana na anwani ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua asubuhi ile.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka jinsi familia nyingi zilivyotumia S.L.P. ya shule, ya msikiti au ya mwajiri wa mjomba. Barua ilifika, ndiyo, lakini ilipita mikononi mwa mwenye ufunguo, na siku mjomba alipohamishwa kikazi, nanyi mlihama anwani bila kutaka. Barua pepe ya bure iliyofunguliwa na mfanyakazi ni S.L.P. ya mjomba. Ray Tomlinson alipoichagua alama ya @ mwaka 1971 ili itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake, alitupa pia kipimo ambacho mfanyabiashara anaweza kukitumia hadi leo: kilicho kushoto kwa alama ni mtu, naye huja na kuondoka, kilicho kulia ni nyumba, na nyumba hiyo inapaswa kuwa ya kampuni.

Nyumba hiyo kitaalamu huitwa kikoa, na kwa kampuni ya hapa nchini jina linaloishia na .co.tz linatosha kabisa. Husajiliwa kwa ada ya mwaka ambayo haimshindi hata mwenye duka la jumla la Ngamiani. Hapa lakini nina onyo. Wengi wetu humwachia fundi wa kompyuta au mtengeneza tovuti asajili jina hilo, naye, kwa haraka tu na si kwa nia mbaya, huandika jina lake, simu yake na barua pepe yake kuwa ndizo za mmiliki. Miaka mitatu baadaye mmegombana juu ya bei ya tovuti, au fundi amehamia Mwanza, na kikoa kinakaribia kuisha muda wake bila taarifa kukufikia. Kabla ya kusoma aya inayofuata, ningemwomba kila mfanyabiashara mwenye kikoa aulize kimesajiliwa kwa jina la nani na taarifa za kulipia upya zinatumwa wapi.

Ukiwa na kikoa chako, suala la programu hupungua uzito, nami ningependa sababu yake ieleweke. Ndani ya kikoa kuna kumbukumbu iitwayo MX, ambayo huiambia dunia nzima barua za jina hili zipelekwe kwenye seva ipi, yaani kompyuta inayozipokea na kuzihifadhi. Leo kumbukumbu hiyo inaweza kuelekea kwa Google, mwakani ikaelekea kwa Microsoft au kwenye seva ya kampuni ya hapa nchini, na mteja asijue kwamba kuna kilichobadilika, kwa kuwa anwani anayoiandikia ni ileile. Barua za zamani huhamishwa kwa utaratibu wa IMAP, ambao huziacha barua kwenye seva na kuzionyesha kwenye kila kifaa. Wanaotumia utaratibu wa zamani wa POP waangalie sana, maana kwa kawaida huzishusha barua kwenye kompyuta moja na kuzifuta kwenye seva, na kompyuta hiyo ikiungua, kumbukumbu za ofisi zimeungua nayo.

Uwezo wa kuhama ni jambo la lazima, kwa sababu programu hizi nazo zina mwisho wake. Google ilianza kutoa huduma ya barua pepe kwa vikoa vya wateja mwaka 2006, ikiwa na toleo la bure. Desemba 2012 ikaacha kulitoa toleo hilo kwa wateja wapya, na mwaka 2022 ikazitaka biashara zilizokuwa bado zinalitumia zianze kulipa. Skype, ambayo mawakala wengi tuliitumia kuzungumza na wasafirishaji wa Mumbai na Dubai, ilifungwa na Microsoft Mei 5, 2025, na watumiaji wakaelekezwa kwenye Teams, programu yake nyingine ya mazungumzo. Silaumu kampuni hizo; biashara ni yao. Ninachosema ni kwamba mwenye kikoa chake husumbuka wiki moja akahama, na asiye nacho hupoteza wateja.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Sisi tulijaribu programu mbili kwa wiki mbili kila moja, na tuliwapa wale watu watatu ambao kazi yao hufanyika nje ya ofisi: mmoja getini bandarini, mmoja mpakani Horohoro, mmoja kwa wateja wa machungwa Muheza. Nawasihi wenzangu wafanye hivyo, kwa sababu programu inayopendeza kwenye kompyuta ya bosi yenye intaneti ya waya inaweza kumchosha kijana mwenye simu ya kawaida na bando la siku. Kwenye simu, Google ilituletea shida kidogo kuliko nyingine. Hata hivyo tulichukua Microsoft 365, kwa sababu moja tu: karibu kila orodha ya mizigo tunayopokea ni faili la Excel lenye hesabu ndani yake, na tulitaka lifunguke kwetu kama lilivyotoka kwa mwenye meli. Anayeandika mikataba na matangazo, na ambaye watu wake wanne huandika hati moja kwa wakati mmoja, huenda akaona Google inamfaa zaidi. Zoho, yenye makao makuu India, nimeona inawafaa wenye watu wachache wanaotaka barua pepe tu bila mengine mengi.

Kuhusu gharama, tahadhari ni moja. Huduma hizi hutozwa kwa idadi ya watumiaji kila mwezi, na kwa kawaida bei hutajwa kwa dola, hivyo kampuni inayokua hulipa zaidi kwa kila anayeajiriwa na kwa kila shilingi inaposhuka. Lakini si kila mtu anahitaji kisanduku chake. Microsoft inaruhusu kisanduku cha pamoja, kwa mfano cha idara ya nyaraka, kisicholipiwa leseni ya peke yake ilimradi hakijazidi gigabaiti 50, na wote wanaokisoma wawe na leseni zao. Google nayo inaruhusu anwani za kikundi bila malipo ya ziada. Sisi wateja wote sasa wanaandika kwa idara, wala si kwa mtu, na anayeondoka haondoki na kitu.

Wapo wanaoshauri kampuni iweke seva yake yenyewe ofisini. Kwa mafaili nakubali kwamba inawezekana, na Nextcloud, ambayo ni programu huria, hufanya kazi hiyo vizuri mradi awepo mtu wa kuilea na umeme wa akiba. Kwa barua pepe nakataa. Seva mpya isiyojulikana hutiliwa shaka na seva nyingine, na barua zake huishia kwenye barua taka, wakati mwenye mzigo anasubiri jibu.

Juu ya usalama, mipangilio mitatu iwekwe siku ileile ya kwanza: SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM, inayotia sahihi kila barua, na DMARC, inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa vipimo hivyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinaitaka mitatu yote kwa anayetuma barua nyingi, ambazo kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku, na hata mtumaji mdogo hutakiwa awe na SPF au DKIM. Mipangilio hii humzuia mwizi anayetumia jina lako halisi. Haimzuii anayebadilisha herufi moja. Kwa huyo hakuna dawa isipokuwa utaratibu wa ofisi, nasi tumewaandikia wateja wote kwamba akaunti yetu haibadilishwi kwa barua pepe, na wakiletewa akaunti mpya wapige simu kwa namba wanayoijua tangu awali. Mama wa iliki ndiye wa kwanza niliyempelekea barua hiyo, kwa mkono wangu. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani uthibitisho wa pili baada ya nywila, uwashwe kwa kila mtu, na mamlaka ya msimamizi mkuu wa huduma yashikwe na watu wawili, mmoja wao akiwa mwenye kampuni.

Najua wengi watasema WhatsApp inatosha. Kwa kuarifiana kwamba gari limetoka getini, hakuna kinachoishinda. Lakini mkataba uliotumwa kwenye kundi lenye jumbe mia mbili kwa siku hautapatikana mkaguzi atakapouhitaji, na simu ikianguka majini kwenye kivuko cha Pangani, kazi imezama nayo. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatubebesha wajibu juu ya taarifa za wateja na wafanyakazi wetu, na pia inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, ambako ndiko ziliko seva nyingi za huduma hizi. Mtu awezaje kutimiza wajibu huo kama pasipoti za wateja zimetapakaa kwenye simu za watu kumi na tisa?

Mwisho, tusisahau Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadhoofika nchini kote. Waliokuwa wakisoma barua zao kwenye kivinjari peke yake walisimama. Sisi tulikuwa na nakala kwenye kompyuta ya ofisi kupitia Thunderbird, programu ya bure ya kusomea barua pepe, na tuliweza angalau kuchapisha nyaraka za mizigo iliyokwisha fika. Nakala hiyo tumeiendeleza hata baada ya kuhamia kwenye huduma ya kulipia.

Ombi langu kwa chemba ya wafanyabiashara hapa mkoani ni kwamba itutengee japo nusu siku, kila mmoja aje na jina la kikoa chake na awepo mtaalamu wa kutuonyesha kimesajiliwa kwa nani. Ukumbi wa mikutano wa ofisi yangu una viti arobaini, nami niko tayari kuutoa bila malipo siku yoyote ya Jumamosi.

Wakala wa forodha,
Chumbageni, Tanga