Wito wa Harambee: Mabati ya Shule ya Watoto Wetu wa Kailahun, Sierra Leone

Wapendwa washirika na marafiki wa kanisa letu,

Tunaona haya kubisha tena hodi mlangoni mwenu muda mfupi baada ya harambee iliyopita, lakini jambo hili halingojeki. Huko Sierra Leone muhula mpya huanza Septemba, wakati mvua zilizoanza Mei bado zinanyesha kwa nguvu, na shule ndogo ya msingi mliyoanza kuisaidia baada ya Ebola ina vyumba vitatu ambavyo mabati yake yameliwa na kutu hadi yanavuja kama chekeche. Mvua ikianza, sauti ya mwalimu haisikiki. Watoto huficha madaftari ndani ya mashati na kukimbilia chumba cha nne, ambamo madarasa yote husongamana bila kufundishwa. Sakafu imechimbika, maji yanatuama, mbu wanazaliana, na hiyo ni nchi ambayo malaria ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi zaidi.

Mnakumbuka tulivyoijua Kailahun. Ebola iliingia Sierra Leone kupitia wilaya hiyo mwezi Mei 2014, ikaua karibu watu 4,000 nchini humo, na shule zikabaki zimefungwa hadi Aprili 2015. Dada yetu muuguzi, aliyekwenda na wahudumu wa afya wa Umoja wa Afrika, alirudi na habari za mayatima, nanyi mkatoa sare na madaftari kabla hata hatujamaliza kueleza.

Serikali yao imejitahidi: mwaka 2018 ilitangaza elimu bila ada, Machi 2020 ikaondoa marufuku iliyowazuia wasichana wajawazito kusoma, baada ya Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, kuamua kuwa ni ubaguzi, na mwaka 2024 ikapitisha sheria ya kukomesha ndoa za utotoni. Lakini shule hii ni ya wanakijiji, bado haijaidhinishwa, kwa hiyo haipati ruzuku, na kwa hali ya paa lake haiwezi kuidhinishwa. Msichana anayeshinda nyumbani kwa sababu darasa limejaa maji ndiye anayeposwa mapema, sheria iwepo isiwepo. Hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Tunaomba kila familia itoe bati moja, na mwenye uwezo atoe zaidi. Viti vipya vya kwaya tulivichangia kwa Jumapili moja tu, na Mungu alitubariki. Hatuamini kwamba watoto hawa wanastahili kungoja zaidi ya viti. Wazazi wa kijijini, ambao wengi wao ni wakulima wa mpunga na kakao, wameahidi mbao na nguvukazi.

Michango ipokewe na mweka hazina pekee, kwa risiti, kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Hesabu zitakaguliwa na kusomwa kanisani, pamoja na stakabadhi za ununuzi.

Wenu katika Kristo,
Kamati ya Harambee