Wekeni masuke ya uwele kwenye meza ya sikukuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya meza ya sikukuu. Kila ukiingia mwezi wa kumi na moja, kurasa za nyumbani za magazeti yetu hujaa picha za meza zilizopambwa kwa matawi ya misonobari, mishumaa myekundu na pamba iliyotawanywa ifanane na theluji. Mimi naishi Kikuyu, hapa Dodoma. Desemba yetu ni jua kali na vumbi linalosubiri mvua ya kwanza. Majirani zangu wanazikata picha hizo, wanakwenda nazo madukani, wanarudi na maua ya plastiki. Inaniuma, kwa sababu huku kwetu kuna vitu vya kupamba meza ambavyo hao wa kwenye picha wangevitafuta wasivipate.

Nieleze kwanza nilikojifunzia. Nilikuwa mhudumu wa behewa la chakula katika Reli ya Kati kwa miaka 22. Treni ya Kigoma iliondoka Dar es Salaam jioni, na sisi tuliandaa meza za chai alfajiri, treni ikipanda kutoka Kilosa kuelekea Gulwe, behewa likiyumba kushoto na kulia. Mzee aliyenipokea kazini alinifundisha kunyunyizia kitambaa cha meza maji kidogo ili sahani zisiteleze. Glasi isijae. Kisu kulia, makali yakitazama sahani, kijiko nje yake, uma kushoto, glasi juu ya ncha ya kisu. Na chochote kinachosimama katikati ya meza kisimzuie abiria kumwona aliyeketi mbele yake. Hilo la mwisho nimelishika mpaka leo. Nikimaliza kupamba navuta kiti nakaa, na pambo likipita kidevu changu nalipunguza, hata kama nimelihangaikia asubuhi nzima.

Nyumbani kwangu nasi tuliwahi kununua hayo ya dukani. Sikukuu moja nilitoa shilingi 38,000 kwa maua ya plastiki na nyuzi za kumeremeta. Kufikia Pasaka yalikuwa yamepauka kwa jua la dirishani, na vumbi limeshika kwenye majani hata sabuni haikulitoa. Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii iliaga mifuko ya plastiki, tukarudi kwenye vikapu, na sijaona aliyeshindwa kwenda sokoni kwa sababu hiyo. Nikajiuliza kwa nini plastiki niliyoikataa mkononi naiweka katikati ya chakula cha wajukuu wangu.

Maua mabichi nayo, kwa Dodoma, yataka moyo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, chini ya milimita 600 kwa mwaka. Ndoo ya maji hapa ina kazi nyingi kabla ya kufika kwenye chombo cha maua. Siwezi kumshauri mama wa nyumba anyweshe mawaridi yatakayonyauka kesho yake.

Ndipo nikageukia uwele na mtama. Suke la uwele limenyooka kama mshumaa, rangi yake ni ya majivu yenye ukijani kwa mbali. La mtama limefumbata punje, jeupe au jekundu kama kutu ya reli. Ukiyachanganya mawili hayo, na mabua machache ya nyasi ndefu, utapata shada ambalo halihitaji tone la maji na litakaa mpaka mwakani. Mavuno yakifika namwomba shemeji yangu wa Mvumi anikatie masuke pamoja na bua la urefu wa mkono. Nayafunga mafungu madogo, nayaning'iniza vichwa chini kivulini, kwenye banda linalopitisha hewa, wiki tatu. Ukiyasimamisha wakati wa kuyakausha, shingo zitapinda. Ukiyaanika juani moja kwa moja, rangi itakimbia. Kisha nayafunga kwenye gazeti nayaweka kwenye friza siku tatu, kwa ajili ya fukusi, maana hakuna aibu kama mgeni kumwona mdudu akitembea kuelekea kwenye wali.

Chombo chake ni kibuyu. Nilinunua vitatu soko la Sabasaba, vya ukubwa tofauti, nikavikata midomo na kuvisugua kwa msasa laini. Kibuyu kikikaa na maji muda mrefu hulainika na kuoza, lakini masuke makavu hayanywi. Natia mchanga vikombe viwili ndani kisianguke. Kile kirefu kinakaa juu ya kabati la vyombo, na vile vifupi viwili ndivyo vinavyoingia mezani. Pembeni yake naweka matunda mawili ya mbuyu, moja zima na lile ganda lake la manyoya laini, jingine limepasuliwa ubuyu uonekane. Watoto wataudokoa ubuyu kabla ya chakula, na mimi nawaacha.

Naomba nionye jambo moja kwa uzito. Mwaka mmoja nilikata minyaa kwenye ua wa nyumba kwa sababu vijiti vyake vya kijani visivyo na majani vilinipendeza, nikavipanga kwenye glasi katikati ya meza. Mjukuu wangu wa miaka minne alivunja kijiti kimoja, yale maziwa yakamshika vidole, akafikicha jicho. Tulimsuuza kwa maji safi huku analia kwa kelele ambazo sitaki kuzisikia tena, tukakimbilia zahanati. Alipona, lakini kosa lilikuwa langu. Minyaa isiingie ndani ya nyumba. Na ule mti wa uani wenye majani membamba na maua ya rangi ya waridi, oleanda, una sumu kuanzia jani hadi ua; usiwekwe karibu na chakula, wala maji yaliyowekewa tawi lake yasibaki mahali mtoto anapofika.

Sasa zabibu. Hapa Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho nchi za baridi hawana, kwa kuwa mizabibu yao hulala wakati wa baridi. Kabla ya kila msimu mkulima hupogoa, na fito anazozikata mara nyingi huchomwa moto. Mimi nazifuata Mpunguzi na baiskeli. Fito mbichi hupindika bila kuvunjika, na zilizokauka nazilaza kwenye maji usiku kucha zirudi ulaini. Nazungusha ya kwanza iwe duara la ukubwa wa sinia, ya pili naipitisha juu na chini ya ile ya kwanza, na kuendelea hivyo hadi ufito wa sita au wa saba, na ncha nazichomeka katikati. Hakuna waya wala gundi. Duara moja natundika mlangoni, jingine nalaza mezani kuzunguka chungu. Lile la mlangoni nalichomeka maua mekundu ya mti ule unaochanua kuelekea Desemba, ambao wengi tunauita mkrismasi. Yachumwe asubuhi ya siku yenyewe, kwani kufikia jioni yatakuwa yamelala.

Majani ya mzabibu ni mapana na yanafaa kutandikwa chini ya matunda, ila yaoshwe vizuri sana, maana wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani. Zabibu zenyewe Desemba hazipo kila shamba. Zikikosekana naweka maembe, ambayo ndiyo wakati wake, na sioni kama meza imepungukiwa.

Kuhusu kitambaa, huhitaji cha kununua kipya. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo doti isiyokatwa inafunika meza ya watu sita bila taabu. Nilichojifunza ni kutazama jina kabla ya kutandika. Kanga yenye jina la kumsema jirani isitandikwe mbele ya wageni, na iliyo na jina la upendo itandikwe maandishi yakimwelekea anayeketi ili aweze kuyasoma. Upepo wa Dodoma unajulikana. Kwa meza ya nje, mama watoto hushona vimfuko vidogo kwenye pembe nne na kutia kokoto. Vile vitambaa vyake vya kufuma kwa uzi, ambavyo kwa miaka vilikuwa migongoni mwa makochi, sasa tunavilaza chini ya glasi. Kila mgeni apate nafasi ya sentimita 60, viwiko visigongane. Mshumaa ukitaka, uwe usio na manukato, usije ukagombana na harufu ya pilau, na uchomekwe kwenye glasi yenye mchanga.

Desemba iliyopita alikuja mzazi mwenzangu, mama wa mke wa mwanangu, pamoja na dada zake wawili, kutoka Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, mtu anapanda Dar es Salaam asubuhi na kula chakula cha mchana Dodoma. Kwa mtu kama mimi niliyekuwa nalala njiani, hilo bado linanishangaza. Nilitandika tangu saa tatu. Mjukuu aliandika kadi za viti kwa mkono wake, na juu ya kila jina akaandika "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo. Kulikuwa na pilau ya mchele wa Bahi, perege wa Mtera, kuku, kachumbari.

Mlenda haukuwepo. Nilipouliza nikaambiwa upo jikoni, kwamba wageni wa pwani hawataujua na utawakera kwa kuvutika. Nikauleta mwenyewe, ndani ya chungu chake cheusi, nikauweka katikati ya lile duara la fito, na kando yake ugali wa uwele uliofunikwa kwa kawa. Mama watoto alinitazama, lakini hakuniambia kitu. Siwezi kupamba meza kwa suke la uwele kisha nikaona haya kumpa mgeni ugali wake. Chungu kile kilikuwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote mezani, cheusi juu ya kanga nyeupe na nyekundu, mvuke ukitoka pembeni ya kifuniko.

Mzazi mwenzangu alichomoa suke moja kwenye kibuyu, akaligeuza. Akauliza ni ua gani. Nikamwambia ni uwele. Akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuzwa kwa uji wa uwele kwa bibi yake, na katika maisha yake yote alikuwa hajaliona suke lake, ameujua kama unga tu. Akapukuchua punje chache kwenye kiganja akawaonyesha dada zake. Alikula mlenda, tena aliongeza. Kesho yake stesheni alikuwa amelibeba suke lile mkononi, hakulitia begini lisije likavunjika.

Sisemi kila nyumba iige yangu. Jirani yangu wa kulia, wakati wa Idd, hana haja na meza. Anatandika jamvi, mkeka juu yake, sinia katikati, birika na beseni la kunawia vinazungushwa na kijana wake akianzia kwa mkubwa, na hapo hakuna cha kuongeza. Pasaka, mvua zikiwa zimefanya kazi yake, mashamba ya alizeti yamechanua kuanzia hapa hadi Singida, na vichwa vitatu tu vya alizeti vyatosha meza nzima. Kila msimu una chake. Kinachonisikitisha ni mtu kuruka vyote hivyo ili anunue tawi la plastiki la mti ambao hajawahi kukaa chini ya kivuli chake.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri. Mama wa nyumba akifungua gazeti na kuona msonobari, ataamini meza nzuri ni ya msonobari. Ukimwonyesha kibuyu, atakumbuka kuwa kile cha mama yake kiko juu ya kabati. Naomba mwaka huu ukurasa wenu wa sikukuu uwe na picha za meza za hapa nchini: ya Dodoma, ya Tanga, ya Bukoba, kila moja na vyake.

Kama mpiga picha wenu atapenda, aje Kikuyu tarehe 25 Desemba. Masuke yameshakauka, yako bandani. Fito nitazifuata wiki ijayo. Meza itakuwa tayari saa sita mchana, kwani mwanga wa saa hiyo unaingia vizuri kwa dirisha la upande wa barabara, na kadi yenye jina lake itakuwa kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni.

Mstaafu wa reli,
Kikuyu, Dodoma