Barua ya wazi kwa msimamizi wa ununuzi wa silaha wa Marekani: mzabuni akiwa mmoja, daftari liwe wazi

Kwa Mheshimiwa Naibu Waziri wa Ulinzi anayesimamia ununuzi wa zana,
Pentagon.

YAH: KANDARASI ZA MAKOMBORA ZINAZOTOLEWA BILA USHINDANI

Mheshimiwa,

Mimi ni raia wa Marekani, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wasemaji wa lugha hii tuko wengi katika nchi yako, tunakatwa kodi kila tunapolipwa mshahara, na sehemu kubwa ya kodi hiyo inapita mezani kwako. Nina haki ya kulijadili jambo hili na wenzangu kwa lugha tunayoielewa vizuri zaidi, na nakuomba ofisi yako iisome barua hii kama ingekuwa ya mpiga kura mwingine yeyote.

Tarehe 8 Septemba 2020 Jeshi la Anga lilitia saini na kampuni ya Northrop Grumman kandarasi ya dola bilioni 13.3. Kazi yenyewe ni uhandisi na uendelezaji wa kombora jipya la nyuklia la kuvuka mabara, lililokuja kuitwa Sentinel, litakalorithi nafasi ya Minuteman III iliyoanza kuwekwa ardhini mwaka 1970. Siku ya kufungua zabuni, mezani palikuwa na bahasha moja tu.

Haikuanza hivyo. Mwaka 2017 Jeshi la Anga lilizipa kampuni mbili, Boeing na Northrop, fedha za kuandaa michoro shindani, kila moja zaidi ya dola milioni 300. Juni 2018 Northrop ikakamilisha kuinunua Orbital ATK, moja kati ya kampuni mbili pekee zilizokuwa zimebaki Marekani zenye uwezo wa kutengeneza injini kubwa za roketi za fueli mango, yaani fueli iliyo ngumu, isiyo kimiminika. Kombora la aina hii haliruki bila injini hizo. Tume ya serikali inayosimamia ushindani wa kibiashara iliruhusu ununuzi huo kwa sharti kwamba Northrop iwauzie washindani wake injini bila upendeleo. Julai 2019 Boeing ikatangaza kujitoa, ikieleza kuwa haiwezi kupambana kwa haki katika bei na mshindani ambaye ndiye mwenye injini. Ikapendekeza kampuni hizo mbili ziungane kuomba kazi pamoja. Jeshi la Anga likaendelea na ratiba yake, na Desemba mwaka huohuo Northrop ikabaki peke yake.

Nimezitaja tarehe hizi kwa makusudi. Tunapoambiwa kuwa hakuna mwingine awezaye kuifanya kazi, tunaambiwa kama watu wanaopewa habari za ukame, jambo lisilo na mtendaji. Lakini hapa watendaji wapo na saini zao zipo. Kuna aliyeidhinisha kampuni kununuliwa, kuna aliyeona mshindani anaondoka akaamua ratiba isibadilike. Wizara yenu yenyewe iliandika katika ripoti yake ya Februari 2022 kwamba wakandarasi wakuu wa anga na ulinzi walipungua tangu miaka ya 1990 kutoka 51 hadi 5, na watengenezaji wa makombora ya kivita kutoka 13 hadi 3. Upungufu huo ulipita katika ofisi za serikali, muungano mmoja baada ya mwingine.

Bei nayo ikafuata. Januari 2024 Bunge lilitaarifiwa kuwa gharama za Sentinel zimepanda kwa asilimia 37. Julai mwaka huohuo hesabu mpya ikaonyesha asilimia 81, jumla ikafika karibu dola bilioni 141. Sheria ya mwaka 1982 inataka mradi uliopanda kiasi hicho ufutwe, isipokuwa Wizara ithibitishe kwa maandishi kwamba hauna mbadala na kwamba ni wa lazima. Wizara ikathibitisha, kibali cha hatua ya uhandisi kikafutwa ili mradi upangwe upya, na kazi ikabaki kwa mkandarasi yuleyule.

Nitasema kweli hata pale isiponisaidia: sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikutoka kwenye kombora. Ilitoka ardhini, kwenye mashimo ya kurushia, vituo vya uongozaji na maelfu ya kilomita za nyaya zinazoviunganisha huko Montana, North Dakota, Wyoming na majimbo jirani. Mpango wa awali ulikuwa kuyakarabati mashimo 450 ya zamani. Mwaka 2025 Jeshi la Anga likakiri kwamba mengi itabidi yachimbwe upya.

Hapo ndipo pananiuma, kwa sababu hiyo ni kazi ninayoijua. Katika fani yetu zabuni ya pili inafanya zaidi ya kushusha bei. Wakandarasi wawili wakilitembelea jengo lilelile kongwe, mmoja akasema kuta zitafaa na mwingine akasema zibomolewe, mwenye jengo anapata swali la kuuliza kabla hajatia saini. Anatuma mtu akatoboe zege, apime, alete majibu. Mkandarasi akiwa mmoja, dhana yake ndiyo inakuwa hesabu ya mradi, na mteja anakuja kuujua ukweli wakati fedha zimeshatoka. Sidai kwamba Boeing wangeyaona matatizo ya mashimo yale. Ninachosema ni kuwa baada ya Julai 2019 hakukuwa na timu nyingine ya wahandisi yenye sababu ya kutafuta kosa katika makadirio ya Northrop.

Najua sheria inaruhusu. Sheria ya ushindani katika kandarasi ya mwaka 1984 inataja mazingira saba ambamo serikali inaweza kununua bila kushindanisha, na la kwanza ni pale anapokuwepo mtoa huduma mmoja tu anayefaa. Sitaki ruhusa hiyo ifutwe. Jeshi la Majini limefanya kazi na kampuni ya Lockheed kwenye makombora ya nyambizi tangu Polaris mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi Trident ya leo, na kuitisha zabuni ya maonyesho kwa uhandisi wa namna hiyo kungekuwa kupoteza muda wa kila mtu. Tatizo ni kwamba mnunuzi aliyekosa ushindani anahitaji kitu kingine cha kumlinda, na kitu hicho ni daftari la muuzaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu mwaka 1962 sheria inamtaka mkandarasi asiye na mshindani aonyeshe gharama zake halisi na kuapa kwamba ni sahihi. Hata hivyo sheria hiyo ina kiwango cha fedha ambacho chini yake hailazimishi, na mwaka 2018 kiwango kilipandishwa kutoka dola 750,000 hadi milioni 2. Matokeo ya kununua gizani yanajulikana. Mwaka 2019 mkaguzi wenu mkuu alichunguza vipuri 47 vya kampuni ya TransDigm akakuta 46 vimeuzwa kwa faida iliyopita kiasi, ziada ya dola milioni 16.1, na kampuni ikazirudisha. Oktoba 2024 kampuni ya Raytheon ilikiri kwamba wafanyakazi wake walitoa taarifa za uongo kuhusu gharama wakati wa majadiliano ya mifumo ya makombora ya Patriot na ya rada moja, na serikali ikalipa zaidi ya dola milioni 111 isizopaswa kulipa. Hao wa Patriot walikuwa na wajibu wa kufungua daftari, na bado wakalichafua. Sasa fikiria zile kandarasi ambazo hakuna anayeliomba kabisa.

Sisi tuliotoka Tanzania tunalo kovu la aina hii. Serikali ya huko ilinunua rada ya kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, wataalamu wa usafiri wa anga wakisema ni ghali mno na haifai kwa mahitaji ya ndege za kiraia. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza hesabu sahihi za biashara hiyo, na pauni milioni 29.5 zikarudi kwa Watanzania kama vitabu na madawati. Walioketi sakafuni darasani katika miaka iliyopita kati ya ununuzi na marejesho hayo hawakurudishiwa chochote.

Haya ndiyo ninayokuomba.

Kila ombi la kununua bila ushindani lazima liwe na maelezo ya sababu, na mwisho wa maelezo hayo kuna kipengele kinachotaka ofisi iseme itafanya nini kuondoa vikwazo vya ushindani kabla ya ununuzi ujao. Naomba kipengele hicho kipewe uzito katika kandarasi zote za makombora. Ofisi ikiandika leo kwamba itatafuta mtengenezaji wa pili wa injini, ombi lake linalofuata lisikubaliwe mpaka ieleze alitafutwaje, nani alijibu, na kwa nini hakufaa.

Pili, michoro na data za kiufundi. Minuteman III imekaa kazini zaidi ya miaka 50, na Sentinel nayo imekusudiwa kuhudumu hadi miaka ya 2070. Serikali isiponunua haki ya kutumia michoro hiyo sasa, wakati mkandarasi bado anaihitaji saini yako, kila kipuri cha miongo hiyo kitauzwa na mtu mmoja kwa bei yake. Haki hizo ni ghali, najua. Zitakuwa ghali zaidi baadaye.

Tatu, uwaongeze wachambuzi wa bei, na uwape mamlaka ya kusimamisha majadiliano pale mkandarasi anapochelewesha mchanganuo wa gharama. Mchambuzi anayeharakishwa na ratiba ya jenerali hana anachoweza kukuokolea.

Na mwisho ni hili la mashimo. Injini na mfumo wa kuongoza kombora ni siri za wachache, nakubali. Kuchimba, kumwaga zege, kutengeneza barabara na kulaza nyaya kuna wakandarasi wengi wenye uwezo katika majimbo hayohayo. Itenge kazi hiyo na kandarasi ya kombora, igawe kwa kambi, iitishie zabuni, na uchapishe bei zilizofunguliwa pamoja na makadirio ya awali ya Northrop ili Bunge na sisi walipa kodi tuzisome kwa pamoja.

Wako mtiifu,

Mkadiriaji majenzi na mlipa kodi,
Maryland