Fidia ya mgongo hupotea kwenye mstari wa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fidia ya mfanyakazi aliyeumia mgongo kazini. Kidole kikikatwa na mashine, hakuna anayebisha. Mgongo hauna damu ya kuonyesha, ndiyo maana madai yake hubishaniwa sana. Mengi yanayokataliwa hayakataliwi kwa sababu sheria haiyatambui. Yanakufa siku ile ile ya kwanza, kwenye mstari mmoja wa karatasi ya zahanati: "Analalamika maumivu ya mgongo."

Mstari huo hauna kazi ndani yake. Miezi minne baadaye mtathmini wa bima ataufungua na kuuliza kitu kimoja tu: ni wapi panapoonyesha kuwa maumivu haya yalitoka kazini, si kwenye mpira wa Jumapili?

Linganisha na huu: "Saa 4:20 asubuhi, akishusha katoni ya kilo 25 kutoka rafu iliyo juu ya bega, aligeuza kiwiliwili kushoto bila kusogeza miguu, akahisi mchomo kiunoni upande wa kulia. Baada ya nusu saa maumivu yalishuka nyuma ya paja, yakavuka goti hadi kwenye unyayo." Kila neno hapo lina kazi yake. Saa italinganishwa na daftari la mahudhurio. Kilo zitasomwa kwenye lebo ya katoni. Kujipinda huku mzigo uko mikononi ni mwendo unaojulikana kuiumiza diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo. Na maumivu yanayovuka goti humfanya daktari ashuku neva iliyobanwa, kwa hiyo atainua mguu ulionyooka, atajaribu nguvu ya kidole gumba cha mguu, atamwambia mgonjwa asimame kwa vidole, atagonga kano ya kisigino. Matokeo ya vipimo hivyo vinne yakiandikwa siku hiyo, upande wa pili unakuwa na kazi ngumu.

Nesi huandika anachoambiwa. Basi neno la kwanza la mgonjwa liwe "nimeumia kazini", na la pili liwe namna alivyoumia. Halafu ahakikishe karatasi tatu zinasema jambo moja: daftari la ajali la mwajiri, taarifa ya msimamizi, na maelezo ya daktari. Moja ikisema Jumatatu na nyingine Jumanne, au kilo 25 zikageuka 40 kwa kuongezewa chumvi, dai zima linaanza kunuka. Kutia chumvi kumeua madai ya kweli mengi.

Kosa jingine ni kuvumilia. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo maumivu yaliyokuwa madogo jioni yanaweza kumzuia mtu kuinuka kitandani alfajiri. Asipokuwa ametoa taarifa jana yake, ataulizwa alifanya nini nyumbani usiku. Taarifa itolewe siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata kama mgongo "umekaza tu", na nakala ibaki kwake. Muda wa mwisho wa kutoa taarifa hutofautiana nchi hadi nchi, na kuupitiliza kunaweza kufunga mlango kabla hata daktari hajasomwa.

Wengine huficha namna walivyobeba mzigo kwa kuogopa kuambiwa walibeba vibaya. Hofu hiyo kwa kawaida haina msingi. Tangu sheria ya bima ya ajali ya Ujerumani ya mwaka 1884, wazo la fidia kazini limekuwa kwamba mfanyakazi hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri, na uzembe wake mwenyewe wa kawaida haumnyimi haki. Mifumo mingi humnyima aliyejiumiza makusudi, au aliyekuwa mlevi. Kuinama vibaya hakumo.

Kazi kubwa zaidi iko kwa mgongo ulioharibika polepole, usio na siku ya ajali: dereva wa trekta anayetikiswa kwa saa nane kila siku, nesi anayegeuza wagonjwa, mpakiaji wa maghala. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010 inayataja maradhi ya misuli na mifupa, lakini kutajwa hakutoshi. Panahitajika vipimo. Kwa mtikisiko, Ulaya iliweka mwaka 2002 kiwango cha kuchukua hatua cha 0.5 na ukomo wa 1.15 (mita kwa sekunde mraba, kwa siku ya saa 8), na kipo chombo cha kuupima kwenye kiti cha dereva.

Kwa kuinua mizigo ipo fomula ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1991, nayo inahitaji mizani na futi ya fundi tu. Inaanza na kilo 23, mzigo unaokubalika katika hali nzuri kabisa: uko karibu na mwili, kwenye kimo cha sentimita 75, bila kujipinda. Kila kasoro inapunguza. Chukua boksi linaloinuliwa kutoka sentimita 15 juu ya sakafu, mikono ikiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, likapandishwa sentimita 85, mzigo ukiwa pembeni kwa digrii 45. Umbali peke yake unakata nusu, maana ni 25 gawanya kwa 50. Kimo cha chini kinakupa 0.82, kupandisha 0.87, kujipinda 0.86. Zidisha zote na kilo 23 zinabaki 7 hivi. Kazi hiyo ikirudiwa mara moja kila dakika kwa saa 8, zidisha tena kwa 0.75, unabaki na kilo 5 na kidogo. Boksi la kilo 20, ambalo mwajiri ataliita mzigo wa mtoto, ni karibu mara nne ya hapo.

Vipimo hivyo vichukuliwe mapema, na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, pamoja na picha. Baada ya mtu kuumia, rafu huhamishwa haraka sana, na aghalabu kwa nia njema.

Karata ya bima hapa ni umri. Picha ya MRI, ile ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, inasomwa, inaonekana diski imechakaa, na barua inatoka: "Mabadiliko ya kawaida ya uzee." Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote, asilimia 37 ya wenye miaka 20 walikuwa na diski zilizochakaa, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Takwimu hizo zinakata kuwili. Picha haithibitishi kwamba kazi ndiyo iliyoumiza, na haithibitishi kwamba uchakavu ndio unaouma, maana wengi wanao na wanalala vizuri. Kinachobaki ni badiliko: mtu aliyefanya zamu kamili hadi tarehe fulani, na baada ya tarehe hiyo hakuweza. Kwa hiyo daftari la mahudhurio la mwaka uliotangulia lina thamani kuliko picha ya pili ya gharama. Mifumo mingi hulipa pia hali ya zamani iliyozidishwa na kazi, mradi daktari aandike hivyo waziwazi. Na aliyewahi kutibiwa mgongo aseme mwenyewe. Faili la zamani likifukuliwa na bima, hata yaliyo kweli hayaaminiki tena.

Kuhusu mkanda wa kiuno, ambao waajiri wengine huugawa kisha wakasema "hakuuvaa": NIOSH yenyewe ilieleza mwaka 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unamkinga mtu asiye na jeraha. Usikubali utumike kama utetezi.

Yapo matatizo pia kwenye karatasi inayosema "apewe kazi nyepesi". Msimamizi atampa ufagio, naye atashinda akiinama na kujipinda kutwa. Daktari aandike makatazo kwa tarakimu: asiinue zaidi ya kilo 5, asikae mfululizo zaidi ya dakika 30, asiiname chini ya goti, kwa wiki mbili, kisha aonwe tena. Bila tarakimu hizo, akikataa ufagio ataandikwa kuwa amekataa kazi na malipo yanaweza kusimamishwa. Kutembea, kwa upande wake, ni sehemu ya tiba, kwa hiyo kuonekana barabarani si ushahidi wa udanganyifu.

Jambo moja halisubiri fomu yoyote: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu yote miwili kulegea. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu neva zilizobanwa hivyo zisipofunguliwa mapema zinaweza zisirudi.

Malipo ya muda, ya wakati mtu bado hawezi kurudi kazini, hutofautiana. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964 unaweka kima cha chini cha asilimia 60 ya kipato kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili. Ulemavu wa kudumu ni hesabu nyingine, na hapo haraka ndiyo adui. Asilimia isikadiriwe kabla hali haijatulia, maana mguu unaolegea mwezi wa tatu unaweza kupata nguvu mwezi wa tisa, au ukahitaji upasuaji. Bima ikileta malipo ya mkupuo mapema, mdai atafute kwenye karatasi sentensi inayofunga matibabu ya baadaye. Ikiwemo, aombe ikatwe, au aandikiwe fungu la upasuaji kando, ndipo atie saini.

Mshughulikiaji wa madai ya fidia