Tovuti ifunguke hata bando likiisha

Mhariri,

Siku hizi kila taasisi, kuanzia SACCOS hadi kampuni ya mabasi, inatangaza "pakua programu yetu". Mtu mwenye simu iliyojaa picha za harusi na sauti za WhatsApp anatakiwa apakue MB 40 ili aone tu nauli ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Akiipakua leo, kesho anaifuta apate nafasi.

Ipo njia nyingine, na wala si ngeni. Tangu 2015 inaitwa PWA: tovuti inayosakinishwa kwenye simu kama programu, bila kupitia duka la programu, na inayoweza kufunguka hata pasipo mtandao. Mteja anafungua kiungo kwenye Chrome, anakubali kusakinisha, aikoni inakaa kwenye skrini yake. Twitter walipotoa toleo lao jepesi la namna hii mwaka 2017, lilichukua chini ya MB 1. Mwenye biashara naye analipia kazi moja badala ya mbili (ya Android na ya iPhone), wala hadaiwi dola 99 ambazo Apple hutoza kila mwaka kwa wanaoweka programu kwenye duka lake.

Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni aikoni tu. Zima data uone: ukurasa mweupe.

PWA inayofunguka bila mtandao inahitaji vitu vitatu. Kwanza HTTPS, yaani muunganisho salama wa tovuti. Pili faili la manifesti lenye jina, rangi na aikoni za pikseli 192 na 512. Hivyo viwili ni kazi ya asubuhi moja. Cha tatu, sevisi woka (service worker), ndicho kinachowaangusha mafundi. Hili ni faili la JavaScript linalokaa katikati ya ukurasa na mtandao. Kila ombi linapita kwake, nalo linaamua kama lijibu kwa kilichohifadhiwa simuni au liende seva.

Linaposakinishwa hupewa orodha ya mafaili ya kuhifadhi, na orodha hiyo haina huruma: likikosekana moja, usakinishaji wote unakwama, na mtumiaji haoni onyo lolote. Kosa la kawaida ni fundi kuandika logo.png wakati faili lenyewe ni logo.PNG. Kwenye kompyuta yake ya Windows linafunguka bila shida. Kwenye seva ya Linux hayo ni majina mawili tofauti. Kosa jingine ni kuliweka faili la sevisi woka ndani ya folda ya /js/, likaishia kusimamia folda hiyo peke yake badala ya tovuti nzima.

Baya zaidi ni bei. Nembo, rangi na fonti zinafaa kutoka simuni kwanza, kwa sababu hazibadiliki kila siku. Nauli haifai. Nauli iulizwe seva kwanza, na mtandao ukigoma ndipo ionyeshwe ile iliyohifadhiwa, pamoja na tarehe yake: "Nauli hizi ni za 3 Juni". Fundi akitumia kanuni moja kwa vyote, abiria atafika stendi na nauli ya mwezi uliopita mkononi, na atakayetukanwa ni mkata tiketi.

Toleo jipya nalo lina mtego wake. Sevisi woka mpya husubiri hadi kurasa zote za zamani zifungwe. Wapo wanaoilazimisha ianze papo hapo na kufuta kache ya zamani (mafaili yaliyohifadhiwa simuni), huku ukurasa wa zamani ungali wazi. Ukurasa huo ukiomba faili lililokwisha kufutwa, unavunjika. Dawa ni kumwonyesha mtumiaji kitufe cha "Toleo jipya lipo, sasisha", kisha ukurasa upakiwe upya.

Fomu iliyojazwa pasipo mtandao ihifadhiwe kwenye IndexedDB, ghala la data ndani ya kivinjari, na ipewe namba yake ya pekee, ili ikitumwa mara mbili seva isiandike malipo mawili. Chrome ya Android inaweza kuituma yenyewe mtandao ukirudi. iPhone haifanyi hivyo, kwa hiyo itumwe mtumiaji atakapofungua tena.

iPhone, kwa kweli, inadai uvumilivu. Mtumiaji lazima abonyeze kitufe cha kushiriki kisha achague mwenyewe kuongeza tovuti kwenye skrini ya mwanzo. Arifa zilianza na toleo la 16.4 la iOS, mfumo wa iPhone, mwaka 2023, tena kwa tovuti zilizoongezwa hivyo tu. Asiyeiongeza, Safari itafuta data zake baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo. Kama kazi yako inahitaji Bluetooth au NFC (mawasiliano ya kugusanisha simu) kwenye iPhone, lipia programu ya kawaida tu, usijisumbue.

Wasisahaulike pia wanaotumia kivinjari cha Opera Mini. Katika hali yake ya kubana data kupita kiasi, sevisi woka haifanyi kazi kabisa, hivyo nauli zisomeke kwenye HTML ya kawaida, yaani ukurasa wenyewe usiotegemea JavaScript.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mteja achukue Android ya bei nafuu, afungue tovuti mara mbili, aifunge, awashe hali ya ndegeni, aifungue tena. Kisha arudishe mtandao, aagize nauli moja ibadilishwe kwenye seva, na ahesabu amefungua mara ngapi kabla ya kuiona nauli mpya. Ikizidi mara moja, fundi arudi mezani.

Mtengenezaji wa tovuti,
Dar es Salaam