Mji Umetukuta Uwanjani: Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Mbukwenyi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Leo tunafunga muhula wa kwanza. Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini yake. Naomba uisome ukiwa umekaa naye. Wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Nne wamepewa kazi za likizo kwa kila somo, kwa sababu mitihani ya taifa haiko mbali. Matundu mapya ya vyoo vya wasichana yamekamilika na yanatumika. Wote mliochangia mahindi na maharage, nawashukuru sana. Hakuna siku iliyopita jikoni bila moshi.

Barua hii huwa ya ukurasa mmoja. Safari hii imerefuka, kwa sababu tangu timu yetu ya soka itolewe kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya jiji, wazazi wengi wamefika ofisini kwangu kuliko waliofika kuulizia matokeo ya Hisabati. Wengine walikuja kwa hasira, wengine kwa huzuni. Niliwasikiliza wote, na nimeona heri niwajibu wote kwa pamoja.

Nilifika shuleni hapa Dodoma mwaka 2009 kufundisha Jiografia. Wakati huo timu nzima ilikuwa ya vijana wa vijiji vya jirani. Walikua wakicheza chandimu kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, wengi pekupeku, na mbigili haikuwasumbua. Uwanjani waliitana kwa Kigogo, na timu za kutoka nje hazikujua pasi inaelekea wapi. Walikuwa hawana jezi za kufanana, lakini walijuana tangu utotoni. Beki wa kushoto hakuhitaji kugeuka kumtafuta kaka yake aliyekuwa namba sita.

Mji ukaanza kujaa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 wenyeji waliusikia kama radi ya mbali isiyoleta mvua. Julai 2016 Rais Magufuli akatamka kwamba serikali inahamia, na kabla ya mwaka kwisha Waziri Mkuu alikuwa ameshahamia. Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta watu 765,179 katika Jiji. Huwa naandika namba hizo mbili ubaoni na kuwaacha wanafunzi wazitazame kwa muda. Mwaka huohuo wa 2016 ndipo elimu ya sekondari hadi Kidato cha Nne ilipoanza kutolewa bila ada. Watoto wa wenyeji ambao zamani wangebaki nyumbani wakaja, na watoto wa watumishi wakaja, wote kwa geti moja.

Walihitaji pa kukaa. Mwishoni mwa 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa nchi nzima, sisi nasi tulipata yetu, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa upande wa mashariki wa kiwanja. Niliidhinisha mimi. Sijutii, maana kabla ya hapo Kidato cha Kwanza walikuwa wakisoma chini ya mwarobaini. Ila nililipa, na timu ililipa. Sheria za soka zinataka uwanja usiopungua mita 90 kwa urefu. Nimeupima wetu kwa futi kamba mara mbili: mita 84. Ndiyo sababu hatupangiwi tena mechi za nyumbani, na ndiyo sababu vijana wetu, wakifika kwenye uwanja kamili, dakika ya sitini miguu inakwisha. Tumewafundisha kucheza mahali padogo.

Mzazi mmoja aliniambia kuwa timu imeshuka kwa sababu vipaji vimekwisha. Sikubaliani naye hata kidogo. Sijawahi kuwa na vipaji vingi kama mwaka huu. Kipa wetu amezaliwa Kigoma. Winga wa kulia alihamia kutoka Tanga akiwa darasa la saba. Kiungo ni kijana wa Kirangi kutoka Kondoa, na beki wa kati bibi yake bado analima zabibu Hombolo. Katika wachezaji 18 tuliowasajili, nilihesabu saba tu ambao wazazi wao wote wawili ni wa hapa. Shida ni kwamba hawa 18 hawajawahi kufanya mazoezi wakiwa 18. Tangu Februari, mazoezi yaliyohudhuriwa na wengi zaidi yalikuwa na vijana 13.

Nimefuatilia sababu kwa kila mmoja. Wapo ambao mama yuko Dodoma na baba bado yuko Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, Ijumaa jioni wanapanda na Jumapili usiku wanarudi. Ni jambo jema mtoto kumwona baba yake, siwezi kulisema vibaya, lakini mechi za kirafiki tunacheza Jumamosi. Wapo waliopata uhamisho katikati ya muhula kwa sababu mzazi amehamishwa kituo. Mshambuliaji wetu aliondoka hivyo mwezi Machi, akaniaga akiwa ameshika njumu zake mkononi. Watatu wanakwenda masomo ya jioni ya kulipia. Na shule moja ya binafsi iliwachukua wawili waliokuwa wazuri kweli, kwa ahadi ya ufadhili. Siwalaumu wazazi waliokubali. Ningekuwa na mtoto na hali ngumu, pengine nami ningekubali.

Kundi la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, na ningependa wazazi wahamiaji wasome sehemu hii kwa utulivu. Mzee mmoja alikuja ofisini mwezi uliopita. Mwanawe, Kidato cha Tatu, alikuwa ameondolewa kwenye kikosi cha kwanza. Akakaa, akavua kofia, akasema: "Madam, mashamba tumeshauza. Sasa na namba uwanjani tuwaachie?" Nilishindwa kumjibu papo hapo. Nikamwita mwalimu wa michezo, tukafungua daftari la mahudhurio. Kijana yule hakuachwa kwa sababu ya kabila wala kwa sababu ya nani anamfahamu nani. Aliachwa kwa kuwa alikosa mazoezi tisa.

Kisha nikamuuliza kijana mwenyewe kwa nini. Zamani familia yao iliishi umbali wa dakika kumi kwa mguu kutoka hapa. Eneo lilipopimwa viwanja, waliuza, wakahamia nje ya mji, kwenye ardhi ya bei nafuu. Sasa anatembea hadi barabara ya lami, anapanda daladala mbili, na nyumbani anatakiwa afike kabla ya giza ili afungie mbuzi. Mazoezi yakianza saa 10, hawezi. Mtoto wa mtumishi anayekaa nyumba ya kupanga hapa jirani, anaweza. Basi kukua kwa mji kumemsogeza mbali na uwanja ambao babu yake alisaidia kuufyeka, na daftari letu likamhesabia kosa. Daftari lilisema kweli, lakini halikusema yote. Ilitupasa tuulize mapema, na kutouliza huko ni kosa langu mimi kama mkuu wa shule. Nimemwomba radhi mzee yule, na leo nawaomba wengine ambao watoto wao waliachwa hivyohivyo.

Na hawa wa pembezoni ndio waliopoteza pia chandimu. Mashamba waliyochezea wadogo zao yana misingi ya nyumba na kuta. Mtoto wa mjini leo anajifunza soka kwa kutazama simu, au anasubiri Simba au Yanga waje uwanja wa Jamhuri kucheza na Dodoma Jiji. Anaijua mifumo ya uchezaji, anaweza kukueleza vizuri kabisa, ila hajawahi kukimbizana na mpira wa makaratasi hadi jua kuzama. Shule imebaki kuwa mahali pekee ambapo wengi wao wanaukuta uwanja ulio wazi.

Kwa hiyo, tumeamua haya, mimi na walimu wenzangu. Kuanzia muhula ujao mazoezi ya soka, ya wavulana na ya wasichana, yatakuwa Jumatano na Ijumaa tu, mara tu baada ya kipindi cha mwisho saa 8:30 mchana, na filimbi ya kumaliza itapigwa saa 10 kamili. Hakuna atakayebaki nyuma. Anayekaa mbali atafika kwao kabla ya magharibi, na mwenye masomo ya jioni atayawahi. Mechi za kirafiki zitachezwa Ijumaa na hazitawekwa tena Jumamosi. Kabla ya mazoezi kutakuwa na uji, kwa sababu vijana wengine wanakuwa wamekula mara moja tu tangu asubuhi. Mwenye uwezo wa kuleta unga alete kwa hiari yake; asiye na uwezo, mwanawe atakunywa kama wengine na hakuna atakayeulizwa.

Wazazi kadhaa wameomba kwamba mwanafunzi mwenye wastani wa chini aondolewe kwenye timu. Nimelifikiria ombi hilo kwa uzito, na jibu langu ni hapana. Nimekaa na orodha ya utoro ya miaka mingi. Wapo vijana hapa ambao Jumatano wanakuja shuleni kwa sababu ya mpira, na wakishakuja wanasoma. Nikiwanyima mpira, sitawapata hata darasani. Badala yake, mchezaji ambaye alama zake zimeshuka atakaa na mwalimu wa somo hilo siku ya Alhamisi, na mzazi atajulishwa.

Kuhusu wasichana, sitasema mengi ila hili moja. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule India. Walikuwa na umri wa mabinti zenu. Timu yetu ya wasichana ina wachezaji 14, na wanne kati yao wameniambia wanaficha njumu kwa rafiki kwa sababu nyumbani hawaruhusiwi. Njoo uzungumze nami kabla hujamkataza.

Limebaki suala la kiwanja. Madarasa hayatabomolewa. Lakini nyuma ya jiko kuna eneo letu ambalo halitumiki, lenye visiki na korongo dogo lililochimbwa na maji ya mvua. Tukiugeuza uwanja uelekee kaskazini na kusini, tukalijaza korongo lile kifusi na kung'oa visiki, tunapata mita 96. Nimepima mwenyewe nikiwa na wanafunzi wa Kidato cha Tatu, ikawa ndilo somo lao la upimaji ardhi. Mzazi mmoja mwenye lori amejitolea kuleta kifusi. Yule mzee aliyevua kofia ofisini kwangu amesema atakuja na ng'ombe wake wawili kuvuta visiki.

Kikao cha wazazi kitakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, saa 2 asubuhi, na safari hii hatutakaa ukumbini. Tutakutana nyuma ya jiko. Njoo na jembe, sururu, reki au karai, chochote ulicho nacho. Anayehamishwa kikazi kabla ya siku hiyo, tafadhali atujulishe mapema ili tumuage mwanawe vizuri, na jezi yake tutampa aondoke nayo.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi ya watoto wetu,

Mkuu wa Shule